Gari la Sadaka Liwe Lipi: La Fahari au la Fundi?

Mbele ya msikiti wa kijiji kimoja cha bara ya Lamu, kati ya Witu na Mokowe, upo mkwaju mkubwa, na chini ya mkwaju huo lipo gari jeupe ambalo mwaka huu ni wa tatu limelala. Kuku wanataga chini ya kiti cha nyuma. Mlangoni pameandikwa kwa rangi ya kijani, hati nzuri kabisa, "Sadaka Jaria". Sisi tuliosoma chuoni, tukala bakora kwa ajili ya maana za maneno, twajua kwamba jaria ni yenye kwenda, yenye kutiririka kama maji ya mto. Basi kila nipitapo pale huona haya kulisoma neno lile, kwani gari lenyewe haliendi.

Chapa yake sitaitaja, wala sitawataja waliolitoa. Ni watu wenye nia njema walioko mbali, na nia yao Mwenyezi Mungu ameshaiandika. Waliambiwa kijiji kinataka gari imara la kuchukulia wagonjwa, wakanunua lililokuwa la bei kubwa. Lilikuja wakati wa kiangazi. Lilikuwa refu, limeng'aa, likapanda na kushuka lenyewe kwa springi za upepo, na ndani lina kioo kinachomwonyesha dereva mlima ulivyoinama. Mlima hapa hakuna, lakini tulifurahi.

Masika ya kwanza lilipita. Masika ya pili likaingia maji ya tope, springi moja ya upepo ikatoboka, gari likakaa kitako upande mmoja kama ngamia anayekataa safari. Fundi wetu wa kijijini akalitazama, akafungua boneti, akaona kifuniko cha plastiki, akakifunga. Akasema: "Hili lataka tarakilishi." Tarakilishi ya kulisoma gari lile iko Mombasa, na spea yake iko ng'ambo. Bei tuliyopewa ya springi ile na pampu yake ingetosha kununua ng'ombe wa kulisha harusi mbili.

Usiku mmoja wa mvua, binti mmoja wa pale alishikwa na uchungu. Akapakiwa juu ya pikipiki, nduguye kamshika kwa nyuma, wakaenda kwa mwendo wa kuanguka na kuinuka mpaka barabara kuu. Mama alisalimika. Mtoto hakujaliwa. Sisemi gari lingemwokoa, kwani ajali ya mja haimo mikononi mwa makanika. Ninachosema ni kwamba lile gari lilikuwapo pale pale mkwajuni, limetiwa mafuta, nao walipita kando yake.

Sasa zimechangwa fedha nyingine. Waliochanga ni wenyeji, wavuvi na wakulima wa mikorosho, na jamaa zao walioko Mombasa, Muscat na Dubai. Kamati imekaa mara nne na imegombana mara nne. Vijana wanakuja na simu zao mkononi wakionyesha picha: hili la Marekani, hili la Australia, hili la Warabu wa jangwani, hili jipya la Waingereza. Wazee wanasema, "Tupeni Landrova kama ile ya D.O." Nami, kwa kuwa naandika magazetini na watu hudhani kwamba anayeandika anajua, nimeombwa niseme neno. Afadhali niliseme hapa hadharani, maana kadhia hii si ya kijiji kimoja. Mkwaju kama ule nimeuona Kipini, nimeuona na Kwale.

Nianze na ya D.O., kwa heshima ya wazee. Tulipokuwa watoto, barabara ya Garsen mpaka Mokowe ilikuwa jina tu. Basi likitoka Mombasa, ukimwuliza utingo litafika lini alikujibu "Mungu akipenda", na jibu hilo lilikuwa sahihi kuliko ratiba. Gari lililokwenda wakati wote lilikuwa Landrova. Siku moja hiyo nayo ilikwama karibu na chuo chetu, maalimu akatutoa wote tukasukume, watoto thelathini na kanzu zetu. Ilipochomoka tulikuwa weusi tangu unyweleni mpaka kisiginoni, na maalimu akatwambia thawabu hazifuliwi na sabuni. Mama zetu hawakuafiki.

Landrova ile haikuzaliwa kwa fahari, ilizaliwa kwa dhiki. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Waingereza walikuwa na upungufu wa chuma cha bati. Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi katika kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya vitani akiitumia shambani kwake Anglesey. Akafikiri, mbona tusitengeneze yetu? Bodi wakaiunda kwa alumini kwa sababu ndiyo iliyopatikana, wakaionyesha Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948. Kwetu sisi watu wa pwani dhiki ile ilikuwa neema, kwani alumini haili kutu kama bati. Ila tusidanganyane: chesisi, yaani mifupa ya gari, ilikuwa ya chuma, nayo chumvi ya bahari huila kimya kimya. Nimeona Landrova Lamu iliyo nzuri juu kama bibi arusi, ukiinama chini waona mbavu zimetoboka.

Mzee anayetaka Landrova ya D.O. leo anataka kitu kilichokwisha. Ile ya asili, iliyokuja kuitwa Defender, ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari, 2016. Iliyozaliwa upya mwaka 2019 inaitwa jina lilo hilo, lakini inatengenezwa Nitra, nchi ya Slovakia, haina chesisi ya peke yake, na kila gurudumu linacheza kivyake. Wanaoijua wanaisifu kwamba yapita pabaya kuliko mama yake, nami sina sababu ya kuwakadhibisha. Lakini akili yake ni ya umeme. Mama alitengenezwa kwa nyundo na spana. Mwana hatengenezwi ila na aliyesomea. Kumpa fundi wa Hindi gari hilo ni sawa na kumpa mtu mswada ulioandikwa kwa hati asiyoijua, kisha ukamlaumu kwamba hasomi.

Vijana nao wana picha zao. Yuko aliyenionyesha Ford Bronco, jina la zamani lililofufuliwa Marekani mwaka 2021. Gari zuri, milango yatoka, paa latoka. Nikamwuliza, "Mwanangu, usukani uko wapi?" Akatazama tena. Uko kushoto, wala halitengenezwi na usukani wa kulia. Sheria ya Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, isipokuwa yale ya kazi maalumu yanayotolewa kwa serikali, kama ya wagonjwa na ya zimamoto. Na gari kukuu linaloletwa kutoka nje lisizidi umri wa miaka minane. Magari mengi yanayotutoa udenda katika simu yanakwama mbele ya sheria hizo mbili kabla hayajakutana na tope. 4Runner ya Toyota ya Marekani, usukani kushoto. Nissan Patrol za Ghuba, usukani kushoto.

Hizo Patrol nimezipanda. Nilipokwenda Oman kuwatembelea jamaa wa upande wa mama, watu wanaosema Kiswahili ndani na Kiarabu sokoni, mpwa wangu alinichukua mpaka mchanga wa Sharqiya ambao wengi bado wanauita Wahiba. Akatoa upepo kwenye matairi mpaka yakalala mapana kama chapati, akaniambia nimtaje Mungu, akalipandisha gari juu ya tuta la mchanga lililosimama kama ukuta. Injini ya Patrol ile, silinda sita za petroli, lita 4.8, ililia kama simba. Wallahi nilifurahi kama mtoto. Siku ya pili tukapanda Jebel Akhdar. Kule chini, Birkat al-Mauz, polisi wamesimama kizuizini: gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipiti, larudi lilikotoka. Nikajisemea, hapa kuna watu wanaojua gari lipi ni la mahali gani.

Lakini pale Wahiba nilijifunza jambo ambalo vijana wetu hawalioni katika picha. Mchanga mkavu wa jangwa wataka mbio na nguvu nyingi, na petroli ya Oman haiumi mfuko kama yetu. Tope letu la mfinyanzi mweusi, kule bondeni mwa Tana, halitaki mbio hata kidogo. Lataka gari jepesi kiasi, tairi nyembamba yenye meno, na ile gia ya chini inayolifanya gari litambae kama kobe, dereva akiwa hata mafuta hajakanyaga. Mwenye silinda sita za mbio akiingia pale na papara zake, magurudumu yanazunguka, tope linajaa katika meno ya tairi, na gari linajichimbia kaburi lenyewe. Mpwa wangu ni bingwa wa mchanga. Tulipomleta Witu masika iliyofuata alikwama mara mbili asubuhi moja. Aliyemtoa ni mzee mwenye trekta, akamtoza.

Hapo ndipo ninapoingia katika rai yangu, na najua nitawaudhi baadhi. Miongoni mwa magari yote haya, la kununua ni lile ambalo watu wamelichoka kuliona: Toyota Land Cruiser ya mtindo wa sabini, ile ile kruza ya polisi. Ukoo wake ulianza mwaka 1951 kwa gari walilolipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita ili waionyeshe serikali ya Japani kwamba laweza. Jina la Land Cruiser likaja 1954. Mtindo huu wa sabini ulitoka 1984. Sura yake imebadilika kidogo mno hata mtu aliyelala tangu mwaka ule akiamka leo atalitambua. Na yale ya mgongo wazi, yaani pikapu, kwa miaka mingi yamekuwa yakiunganishwa papa hapa Mombasa, Miritini, na mikono ya vijana wetu.

Nao mtindo huu una ndugu zake wa nchi nyingine, ambao vijana wanawataka. Kwa Waaustralia walipelekewa wa injini ya dizeli yenye silinda nane, kuanzia 2007. Kwa Warabu wa Ghuba, petroli, silinda sita. Japani wenyewe walililitoa sokoni, wakalirudisha kwa muda mfupi 2014, wakalirudisha tena mwishoni mwa 2023 na injini mpya ya lita 2.8 na gia zinazojibadili zenyewe. Kijana mmoja wa kamati alisema kwa uchungu, "Kwa nini sisi Waafrika tupewe lile la zamani?" Alikuwa akisema injini ya dizeli iitwayo 1HZ, lita 4.2, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya chuma kitupu, haiamrishwi na tarakilishi.

Nilimwelewa uchungu wake. Sisi tumezoea kupewa makombo, na mtu aliyezoea makombo hata akipewa chakula chake huuliza nani amekila kwanza. Lakini katika jambo hili, mwanangu, hukupunjwa. Injini za kisasa hupuliza dizeli kwa nguvu kubwa mno kupitia matundu membamba kama unywele. Dizeli ya pipa iliyokaa juani, iliyochujwa kwa kitambaa cha kanga, ikiingia humo, nozeli moja tu ikifa, utajua thamani ya shamba. Ile pampu ya zamani yasamehe. Ina pupa ya mafuta, ina kelele, na mlimani itapitwa hata na matatu. Lakini fundi wetu aliyefunga boneti ya gari jeupe asiguse kitu, 1HZ anaifungua juu ya mkeka, anazipanga chuma zake kwa mpango anaoujua, na kabla ya Magharibi inanguruma.

Wenye kazi ya kufika pasipofikika wamelijua hili siku nyingi. Mashirika ya misaada yanatumia kruza zile ndefu za nyuma iliyofungwa tangu enzi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha moja ya namna hiyo, iliyotiwa jokofu la kuchukulia chanjo, ili zisiharibike njiani. Sidhani walilichagua kwa uzuri wa taa zake.

Hata hivyo, nisiwe kama mshenga anayeficha kilema cha bwana arusi. Kruza ina aibu mbili. Ya kwanza ni bei. Jipya ni muhali kwa mfuko wa kijiji, na kukuu zuri nalo wenye nalo wanajua wanacho. Kwa hiyo kamati itanunua kukuu, na ikinunua kukuu la pwani ifanye kama nilivyosema juu ya Landrova: iiname. Msitazame rangi. Mlale chini ya gari na tochi na kinyundo, mgonge chesisi kutoka mbele mpaka nyuma, na palipo na sauti ya debe badala ya sauti ya kengele, rudisheni fedha mfukoni. Likishanunuliwa, dereva alioshe tumboni kwa maji ya kisima kila atokapo ufukweni. Maji ya bahari hayasahau.

Aibu ya pili ni nzito zaidi, na nashangaa kwamba katika vikao vinne hakuna mwanamume aliyeitaja. Aliyeitaja ni mkunga mmoja, tena akiwa nje ya ukumbi, dirishani. Alisema: "Nyinyi mwanunua gari lisilokufa. Mimi nauliza, mzazi ndani yake hatakufa?" Ana haki. Pikapu ile nyuma ina springi za mabamba ya chuma, zilizopimwa kwa kuchukua tani ya mizigo. Ukiitia mgonjwa mmoja tu, inaruka kama mbuzi. Mwenye mguu uliovunjika katika shimo la kwanza atasoma shahada. Gari jeupe lililolala mkwajuni, kwa springi zake za upepo, lilikuwa likimchukua mgonjwa kama yuko kitandani. Hilo lazima tuliseme kwa insafu.

Dawa ya hili ipo, na si ya ng'ambo. Mafundi wa Mombasa wanajua kupunguza mabamba ya nyuma au kuyabadili yawe laini, na kutia shokomzoba zinazofaa uzito mdogo. Kitanda cha mgonjwa kifungwe karibu na katikati ya gari, si nyuma ya ekseli pale panaporusha zaidi. Matairi yasijazwe upepo wa kubebea saruji. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na taa za mapambo na vyuma vya mbele ambavyo vijana wameshaviandika katika orodha yao. Vyuma vile nimewaomba wavifute. Hatuendi kupigana na ndovu.

Na kwa kijiji chenye fedha kidogo zaidi, kuna kale kadogo, Suzuki Jimny. Nacheka nikikaona, lakini nakaheshimu. Uzito wake ni kama tani moja na kitu, kana chesisi ya kweli, kana gia ya chini, na mahali kruza inapozama kenyewe hupita juu juu kama kunguru. Hapa petu mtu akitaka kwenda mashambani kuangalia minazi yake, hahitaji zaidi. Ila ndani yake mgonjwa hawezi kulala, labda awe mtoto. Uzao wa milango mitano, uliotolewa India mwaka 2023, ni mrefu kidogo. Hata huo sioni machela ikiingia na mama wa mgonjwa akapata pa kukaa.

Neno langu kwa jamaa zetu walioko Ghuba na Ulaya ni hili. Mnapotaka kutoa waqfu wa gari, msiende kwanza kwa muuza magari. Pigeni simu kijijini, lakini msimwite mwenyekiti wa kamati peke yake, kwani mwenyekiti atawaambia mnachopenda kusikia. Mwiteni fundi. Mwulizeni gari gani analijua, spea zipi zapatikana Mombasa siku hiyo hiyo, na zipi zapatikana Mpeketoni. Kisha mwiteni mkunga. Na katika fedha zenu, wekeni fungu kando kwa ajili ya matairi, mafuta na mshahara wa dereva, walau wa miaka miwili. Msikiti huwekewa shamba la minazi ili upate mafuta na mikeka. Gari nalo ni waqfu, halishibi kwa dua.

Nimeulizwa pia, gari jeupe lifanywe nini. Wako wanaotaka liuzwe kwa vipande, na wako wanaoona kuuza sadaka ni kuwavunjia heshima waliotoa. Hukumu ya kuuza waqfu si yangu, hilo nawaachia maulamaa, nao najua wana maneno ndani yake. Ila nimeiomba kamati iwaandikie wenyewe waliotoa, iwaambie kweli, na kisa cha usiku ule kiwemo, bila ya lawama. Barua nimeiandika mimi. Nimeirarua mara tatu kwa sababu kila mara ilikuwa imekuwa shairi, na mambo haya hayataki vina.

Kikao cha tano ni Ijumaa hii baada ya Isha. Nimeambiwa nitasema wa tatu. Wa kwanza ni fundi, na wa pili, baada ya mabishano ya robo saa, ni yule mkunga, ambaye safari hii amewekewa kiti ndani.